Usishike Chupa Hii

Miaka mingi tulisema ni tanuri.
Mtu anayeamka saa nane za usiku kukabili moto,
uso wake utakuwa wa rangi gani?
Majirani walisema ni pombe.
Bi Saturnina wa duka la nyuzi
alituhama mwezi mzima,
kisha akarudi kimyakimya,
kwa kuwa mkate wa wengine ni mkavu.

Daktari wa kwanza alisema ni mwinuko.
"Hapa El Alto hewa ni haba, Don Eusebio,
damu hujiongeza ili kuikamata.
Shuka bondeni."
Baba akashuka, miezi miwili kwa shangazi
katika joto na mbu wa Santa Cruz,
akikanda unga wa watu.
Akarudi na wekundu wake uleule,
na damu iliyokataa kushuka naye.

Halafu muwasho.
Kila akitoka kuoga
alijikuna kama aliyelalia upupu,
hata akaacha maji ila Jumamosi,
na mama, alipokuwa hai, akamwita beberu.

Ni Daktari Ximena Arandia aliyesema:
"Ndani ya mifupa yako mna kiwanda
kisichosikia kengele ya kufunga."
Baba akafikiri.
"Yaani nimetiwa hamira nyingi."
Daktari akacheka, kisha akanyamaza.
"Ndiyo. Na ni saratani, Don Eusebio.
Ya mwendo wa polepole."

Baba alisikia polepole.
Mimi nilisikia lile neno jingine.

Dawa ni kidonge cha kumeza, tu.
Hakuna sindano, hakuna kitanda,
hakuna chupa ya maji inayoning'inia.
Haidroksiyurea: baba hulitamka
kama jina la mtakatifu
ambaye Roma bado haijamkubali.

Mfamasia alitazama tumbo langu
kabla ya kutazama karatasi.
"Wewe usishike chupa hii.
Wala kizibo chake.
Dawa hii huwasaka wanaogawanyika kwa haraka,
na humo ndani, dada,
yumo mtu asiye na kazi nyingine."

Mimi, niliyemhesabia mama matone yake
mpaka tone la mwisho!
Sasa nasimama mlangoni mwa jiko
kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi.
Baba amelificha chupa lake
ndani ya kopo la zamani la unga,
juu ya kabati, penye alama ya msalaba wa makaa.
Anavaa glavu za manjano za kuoshea vyombo,
anakidondosha kidonge kwenye kifuniko,
anakimeza kwa chai ya koka.

"Umemeza?"
"Nimemeza."
Hiyo ndiyo sala yetu.

Kila wiki ya tatu wanamtoa damu, wanahesabu.
Ilikuwa sitini na nane kwa mia.
Ikawa sitini na moja.
Juzi hamsini na mbili,
na Bi Saturnina akamuuliza kama anaumwa,
maana amepauka.

Kucha zake zimepata michirizi myeusi,
kama chini ya mkate uliosahauliwa.
Mdomoni vidonda.
Mwokaji wa miaka arobaini
hawezi kutafuna ganda la mkate wake:
yeye anakula nyama ya ndani,
ganda nakula mimi,
nasimama nalo palepale mlangoni,
makombo yanaanguka juu ya tumbo.

Jana alfajiri mtoto alipiga teke,
nikapiga ukelele.
Baba akaja mbio, mkono umenyooka,
ukasita hewani, shubiri moja.
Akavua glavu. Akaenda bombani.
Akanawa hadi viwikoni, sabuni mara mbili,
maji ya El Alto, ya barafu,
akarudi anajikuna, anatukana, analowesha sakafu.
Ndipo akaniwekea kiganja.

Tukangoja.
Teke la pili.

"Huyu," akasema,
"mwache aumuke."

Akarudi kwenye trei zake.
Moja ilikuwa imeshaungua.